Kikapu cha Kiooni: Mchezo Wapi, Pata Potea Wapi?

Msomaji mpenzi, sikuwa na nia ya kuandika juu ya mambo ya watoto. Nilikwenda Migori kwa arusi ya jamaa zangu, nami nilitaraji nikirudi nikueleze habari za Waislamu wa kando ya Ziwa Viktoria, ambao sisi wa pwani aghalabu huwasahau. Lakini siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, mwenyeji wangu alimtuma mwanawe, kijana wa miaka kumi na mitano, akanunue paketi mbili za unga. Jua likatua, magharibi ikaadhiniwa, tukasali, na unga haujafika. Nikajitolea kumfuata.

Nilimkuta katika kibanda cha mabati karibu na steji ya matatu. Ndani mlikuwa na televisheni nne, mabenchi ya mbao, na vijana wapatao ishirini. Televisheni tatu zilionyesha kandanda. Ya nne ilionyesha mpira wa kikapu, na mbele yake ndipo alipokuwa kijana wetu, jicho halipepesi. Mchezo wenyewe huitwa NBA 2K. Hutengenezwa Marekani na kampuni ya Visual Concepts. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, na tangu hapo karibu kila mwaka hutoka jipya.

Ningeweza kumshika sikio nikamtoa nje. Lakini mtu hukumu vipi jambo asilolijua? Nikaketi kando yake, nikamwambia, "Haya, nifundishe na mimi."

"Ami, wewe hutaweza," akasema kwa haya. Hata hivyo akanipa kile kidude cha mikono miwili wanachokiita padi.

Kijiti cha kushoto ndicho miguu ya mchezaji. Kitufe chenye alama ya msalaba hutoa pasi ya moja kwa moja. Cha duara hutoa pasi ya kudundisha chini. Cha pembetatu huupitisha mpira juu ya kichwa cha adui. Na cha mraba ndicho cha kutupa kikapuni. Nyuma ya padi, chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, pana kitufe cha kutimka mbio. Lakini ukikikandamiza kila wakati mchezaji huishiwa na pumzi, na aliyechoka hulenga vibaya. Mpira ukiwa kwa adui, vitufe vile vile hubadili kazi: mraba huwa wa kupokonya, na pembetatu wa kuruka na kuzuia.

Ugumu uko katika kutupa. Kitufe cha mraba hukibonyezi ukakiacha kama swichi ya taa. Hukishikilia, mchezaji huruka, na kipimo kidogo kando yake huanza kujaa. Yakupasa ukiachie pale pale mkono wake ufikapo kileleni. Ukiwahi, mpira hugonga chuma. Ukichelewa, hugonga chuma vile vile. Ukipatia barabara, kipimo hugeuka kijani, na mpira huingia. Nilikumbuka chuoni kwetu mwalimu alivyotufundisha madda: vuta sauti kwa kiasi chake, usipunguze wala usizidishe. Aliyekosa alirudia mpaka ulimi ukajua wenyewe. Vijana wale nao vidole vyao vinajua vyenyewe. Hawakitazami kitufe hata mara moja.

Na sauti zake! Viatu hulia juu ya mbao kama vifaranga. Mpira ukipita wavuni bila ya kugusa chuma hutoa sauti ya kanga mpya inayokung'utwa. Umma wa uwanjani hunguruma mwenyeji akifunga, na hufifia mgeni akiongoza. Juu ya yote yupo mtangazaji, Kevin Harlan, ambaye hutangaza mechi za kweli za Marekani, na humo mchezoni hupaza sauti hata mtu wa Migori asiyejua neno la Kiingereza akafahamu kuwa jambo kubwa limetokea. Nakiri kosa langu: adhana ya isha ilipoanza, hapana aliyeinua kichwa, na mimi mwenyewe nilichelewa kuisikia.

Nilifungwa kumi na nane kwa mbili. Kijana akanifariji kwa kunionyesha kuwa miongoni mwa magwiji wa zamani waliomo humo wamo Kareem Abdul-Jabbar na Hakeem Olajuwon. Nikamwambia jambo asilolijua. Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alikuwa akicheza hali amefunga Ramadhani, na mwezi Februari mwaka 1995, ambao ulikuwa mwezi wa saumu, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwezi katika ligi nzima. Kijana alinitazama kama aliyeambiwa siri ya nyumbani kwao.

Hadi hapo, msomaji, sikuona ubaya. Niliona macho, vidole, subira na hesabu. Ndipo nikamwona kijana mwingine mlangoni anashika noti. Kila wachezaji wawili humwekea shilingi mia mia. Mshindi huchukua, na mwenye kibanda hutoa chake. Kijana wetu alikuwa ameweka mia moja akashindwa. Akaweka nyingine ili airudishe ya kwanza, akashindwa. Ya tatu ndiyo iliyokuwa mezani nilipoingia. Zote tatu zilikuwa za unga.

Basi hapa ndipo pa kutenganisha mambo, kwa sababu wazazi wengi huyafunga yote kitita kimoja wakayatupa, na watoto, wakijua kuwa si yote mabaya, huacha kutusikiliza. Mchezo ni jambo moja, na dau ni jambo jingine. Kurani katika Surat al-Maida imeiweka maisiri pamoja na ulevi. Wanazuoni nao hawakukataza mashindano yote: mbio za farasi na ngamia na kulenga mishale waliziruhusu, hata kwa zawadi, maadamu zawadi haikuwa mali ya washindanao wote wawili, mmoja ale na mwenziwe aliwe. Shilingi mia juu ya mia haina tafsiri nyingine. Ustadi wa vidole hauibadilishi.

Nilidhani nimeyamaliza. Lakini siku mbili baadaye nilipanda matatu kupitia Rongo hadi Homa Bay, na huko, tukiwa tumeketi mbele ya ziwa, kijana mmoja msomi alinionyesha jambo la tatu, nalo limejificha zaidi. Alikuwa na mchezo wa kikapu katika simu yake. Wachezaji wake hawapatikani kwa kushinda tu. Hununuliwa katika pakiti zilizofungwa. Unalipa kwanza, kisha pakiti inafunguka kwa ngoma na miale ya nuru, ndipo unapoona uliyepewa. Aghalabu ni mchezaji wa kawaida. Mara moja moja ni gwiji. "Jaduong', ukikosa unasema ijayo ndiyo," aliniambia, akiniita kwa heshima ya Kijaluo anayoitwa mzee.

Sisi wa pwani tuna jina la biashara hiyo tangu zamani. Ni pata potea. Wala si mimi peke yangu niliyeiona hivyo. Mwezi Aprili mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kuwa masanduku ya bahati katika baadhi ya michezo ya video ni kamari kisheria. Mwezi Agosti mwaka huo huo wenye NBA 2K walilazimika kuondoa, kwa wachezaji walioko Ubelgiji, njia ya kununua pakiti hizo kwa pesa. Mwaka uliofuata tangazo la NBA 2K20 lilionyesha gurudumu la bahati na mashine kama za kasino ndani ya mchezo unaouzwa hata kwa watoto, na malalamiko yakazuka Ulaya na Marekani. Wazungu hao si Waislamu, wala hawakufungua kitabu cha fikihi. Walitazama tu jinsi jambo linavyofanya kazi: unatoa mali, hujui utapata nini, na tamaa ndiyo inayokurudisha.

Kenya nasi tumepigana na kamari, lakini kwa sura yake ya zamani. Watu wa Migori na Homa Bay wanazikumbuka vizuri zile mashine za kutia sarafu zilizojaa madukani na vibandani hata vijijini, watoto wa shule wakizizunguka. Mwaka 2018 Serikali, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, ilizikamata na kuziteketeza. Mwaka 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Haya ni mema. Lakini mashine ya sarafu ina mwili: askari huibeba, lori huichukua, moto huila. Pakiti iliyomo ndani ya simu haibebeki. Hulipiwa kitandani, usiku, kwa pesa za simu, na mzazi aliye chumba cha pili hasikii hata mlio wa sarafu. Hapo askari hafiki. Anayefika ni mzazi anayejua mchezo una nini ndani yake.

Wako watakaosema: yafungwe mabanda yote. Hasha. Ukifunga kibanda hujampa kijana pa kwenda. Katika Kaunti ya Homa Bay iko shule ya Agoro Sare, Oyugis, yenye jina katika mpira wa kikapu wa shule. Na jirani, Kogelo katika Siaya, Barack Obama alifika Julai mwaka 2018 kufungua kituo cha vijana cha dada yake, Auma, akautupa mpira kikapuni katika uwanja mpya. Babu yao, Hussein Onyango, alikuwa Mwislamu, na asili yake ni upande wa Kendu Bay, Homa Bay hiyo hiyo. Mchezo huu basi si mgeni kule. Uwanja wa saruji na vikapu viwili hauhitaji umeme wala pakiti. James Naismith alipoubuni Marekani mwaka 1891 alitundika vikapu vya matunda tu.

Tena yule kijana wa Migori alinisimulia mwenyewe habari ya Februari mwaka 2021, Yaoundé, Kamerun. Kenya ilikuwa nyuma ya Angola, saa inakwisha, na Tylor Ongwae akautupa mpira ukaingia mlio wa mwisho ukilia. Kenya 74, Angola 73. Kwa ushindi huo tukarudi katika kombe la Afrika, ambalo hatukuwa tumelicheza tangu mwaka 1993 lilipofanyika Nairobi. Nikamuuliza, "Mkono ule aliupata katika pakiti gani?" Akacheka, kisha akanyamaza.

Usiku ule wa unga tulirudi nyumbani pamoja. Nilinunua paketi mbili njiani, lakini nilimshurutisha amwambie babake mwenyewe, kwa ulimi wake. Alisema, machozi yakimtoka. Babake hakumpiga. Alimuuliza swali moja tu, "Ungeshinda, mia zile ungeniletea au ungeziweka tena?" Kijana hakujibu, na sote tuliokuwa pale tulilijua jibu.

Mabanda kama lile yako Majengo, yako Kisauni, yako Likoni, na simu ziko mikononi mwa watoto kutoka Lamu hadi Vanga. Nawaomba wazazi wenzangu jambo jepesi. Ingieni, mketi, mfungwe kumi na nane kwa mbili. Ulizeni ni nani anayeshika pesa mlangoni. Ulizeni mtoto ni nini alichonunua katika simu, na kama alikijua kabla ya kulipa. Akisema alikijua, huo ni ununuzi. Akisema hakukijua, keti naye umwambie jina lake la Kiswahili. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema mcheza kwao hula unga wa nyumbani kwao.