Ng'ombe Aliyepotezewa Ritifaa

Humu tunagombana kila mara kuhusu tafsiri mbovu, uhariri wa kulipua na majalada mabaya. Sawa. Lakini kuna maandishi ambayo hatuyahakiki kabisa: yale yanayobeba maandishi yetu. Nasema vigezo vya PHP. WordPress imeandikwa kwa PHP. Programu inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili nayo ni PHP, na humo "kigezo" ndilo jina la kipande kinachotumika katika kurasa nyingi. Basi nami nalitumia neno hilohilo.

Chukua ng'ombe. PHP inaruhusu kufunga maneno kwa alama moja ya nukuu kila upande. Fundi akiandika echo 'Ng'ombe wa Kilindoni'. PHP inadhani maneno yameishia kwenye Ng. Kinachofuata haikielewi, na ukurasa haufunguki. Fundi mvivu anafanyaje? Anafuta ritifaa! Tunabaki na "ngombe" na "ngambo", utadhani ng'oa na ngoa ni neno moja. Mwingine anarundika mikwaju, msomaji anaona ng\'ombe. Zamani PHP yenyewe ilichangia, ikipachika mkwaju kwenye kila ritifaa iliyotumwa na msomaji. Utaratibu huo uliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012. Ukiuona mkwaju leo, huo ni uzembe wetu.

Njoo kwenye wingi. Kigezo cha Kiingereza kinabandika s mwishoni, kazi imekwisha. Anayetafsiri anabadilisha neno moja tu, tunapata "Kitabu 5". Jamani, kitabu na vitabu, shairi na mashairi: Kiswahili kinabadilika mwanzoni. WordPress ina _n(), inayopokea umoja na wingi kila kimoja peke yake. Ipo, haitumiki.

Halafu juu kabisa ya ukurasa unakuta lang="en". Programu inayomsomea asiyeona inaamini hivyo, na inaweza kumsomea shairi la Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Dawa yake ni herufi mbili: sw.

Usafi wenyewe si elimu ya siri. Kwanza, kutafuta habari kwenye hifadhidata kukae faili lingine; kigezo kipokee kilicho tayari na kukionyesha. Pili, acha kusokomeza HTML yote ndani ya echo. Andika HTML kama HTML, na uiite PHP pale tu inapohitajika:

<?php foreach ($mashairi as $shairi): ?>
  <li><?= htmlspecialchars($shairi) ?></li>
<?php endforeach; ?>

Hata asiyejua PHP anaona hapo kuna orodha ya mashairi. Tatu, hiyo htmlspecialchars itumike mara moja, wakati wa kuonyesha. Usipoiweka, mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma maoni yaliyoficha amri, zikaendeshwa kwenye simu za wasomaji wengine. Ukiiweka mara mbili, ritifaa inageuka &#039; mbele ya macho ya msomaji.

Najua jibu la mafundi: "Ndugu mwandishi, si inafunguka? Basi." Inafunguka leo, ndiyo. Kesho seva inahamia toleo jipya la PHP, fundi kaenda zake, na aliyeachiwa anakuta faili moja refu lenye HTML, maswali ya hifadhidata na hesabu vimechanganywa kama pilau. Tovuti moja niliyoiandikia ilizimwa hivyohivyo. Hakuna aliyeweza kukisoma kigezo, na habari zetu za Jibondo na Chole zikaenda nayo. Hakuna aliyezidhibiti wala kuzipiga marufuku. Zimekufa kwa mwandiko mbaya.

Hapa Mafia, mafundi wa Chole wanajua kwamba chombo kitakuja kukarabatiwa na mtu mwingine. Ubao ukioza, anautambua na kuubadilisha bila kuvunja jahazi zima. Kwa nini tovuti ya fasihi iwe na heshima ndogo kuliko ngalawa?

Kwa hiyo ninyi wahakiki, mkisifu tovuti mpya ya hadithi, fungueni na chanzo cha ukurasa. Tazameni lang inasema nini. Tafuteni ng'ombe, mwone kama yu mzima. Kisha mwulizeni mwenye tovuti: fundi wako akiondoka, nani mwingine anaweza kukisoma kigezo chako? Akikosa jibu, andikeni hivyo kwenye uhakiki.