Mambo ya Nyumbani: Ubao wa Kukatia Mboga

Mwezi uliopita tulisema habari ya kuweka unga usiingie wadudu. Mwezi huu twataka kusema juu ya kifaa kidogo ambacho siku hizi chauzwa madukani na hata kando ya njia, nacho ni ule ubao mwembamba wenye wembe katikati. Kabichi au kiazi husukumwa juu yake, na vipande huanguka chini vyote sawasawa. Wafaransa huuita mandolini. Mama kadhaa wametuuliza, “Ziko za namna nyingi, tuchague upi?” Nasi kabla ya kujibu imetupasa kukiri kosa letu.

Nyumbani kwetu hukaangwa vipande vya muhogo vya kuuza, na fedha yake husaidia madaftari na sare za watoto. Zamani mama wa nyumba alikata kwa kisu, na kikapu kimoja kilimaliza mchana wake. Basi sisi, tukijiona wenye akili, tulikwenda sokoni tukanunua ubao uliokuwa rahisi kuliko zote. Kinga ya mkono iliuzwa mbali. Muuzaji alisema ya kuwa mtu mwepesi haihitaji, nasi tulifurahi kwa kuwa bei ilipungua. Siku ya tatu binti yetu wa miaka 12 alikuwa akimsaidia mama yake. Muhogo ulibaki kipande kifupi, mkono ukateleza, na ncha ya kidole cha shahada ikakatwa. Kidole kilipona, lakini ncha yake haina hisia vizuri hata leo, na kalamu huishika kwa taabu.

Jioni ile tulitaka kumkemea mtoto kwa kutoangalia. Mama yake akatuambia, “Baba watoto, usimkemee. Kinga ya kidole chake ilikuwa dukani, nawe uliiacha huko.” Hatukuwa na la kujibu.

Kwa hiyo, msomaji, utakapokwenda dukani usiutazame wembe kwanza, itazame kinga. Kinga njema ina meno ya kushika mboga, ina ukingo mpana unaofunika vidole vyote, na hupita juu ya ubao bila kuyumba. Itie mkononi mwako papo hapo, uisukume mara kumi. Ikiwa yachomoka, au ikiwa ni ndogo hata vidole vyachungulia nje, urudishe ubao ule, hata ukiwa umepambwa namna gani. Ziko pia glavu zilizofumwa kwa nyuzi ngumu zisizokatika upesi. Nazo ni msaada, lakini ziwe kadiri ya mkono. Glavu ya mtu mzima humpwaya mtoto, na kinachopwaya huvutwa na wembe.

Pili, wembe wenyewe. Ulionyooka wafaa kwa viazi, mihogo na karoti. Ulio mfano wa herufi V hushika nyanya vizuri zaidi, kwa kuwa huikata kutoka pande mbili pasipo kuiponda. Wa chuma kisichoshika kutu ndio unaofaa nyumba nyingi, hasa kwetu pwani penye hewa ya chumvi. Wa kauri hukaa na makali siku nyingi, lakini ukianguka sakafuni huweza kupasuka. Uliza pia kama wembe waweza kutolewa ukanolewa au ukabadilishwa; ubao usiofunguka, makali yakiisha, nao umekwisha. Tena wembe butu ni adui kuliko wembe mkali, maana hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu ndiyo iletayo kuteleza.

Tatu, unene wa vipande. Mbao nyingine zina skrubu ya kupandisha na kushusha, nyingine zina vibao vya kubadilisha. Vyovyote iwavyo, omba ruhusa ujaribu kiazi kimoja. Kipande kikiwa kinene upande huu na chembamba upande ule, ubao umepinda. Na vipande vya namna hiyo katika mafuta nusu vitaungua na nusu vitabaki vibichi. Kwa viazi au mihogo ya kukaanga hata ikauke, unene wa milimita 1 hata 2 watosha.

Nne, namna ya kusimama. Zile za Kifaransa mara nyingi ni za chuma, nzito, zenye miguu. Hukaa imara mezani, nazo zawafaa wanaokata vikapu kwa vikapu. Zile za Kijapani ni za plastiki, nyepesi, hushikwa juu ya bakuli. Zatosha kwa jamaa ya watu sita. Ubao wa miguu uwe na mpira chini, maana usio na mpira huteleza kama sabuni juu ya meza yenye maji.

Lakini yuko mtu asiyehitaji ubao huu kabisa. Nyumba inayokata kitunguu kimoja na nyanya mbili kwa siku, kisu kizuri chaitosha, na fedha ile inunue sufuria.

Ukiisha kuununua, fanya hivi. Kata mboga iwe na upande bapa ndipo uiweke. Sukuma polepole, kinga mkononi tangu mwanzo, wala si mwishoni. Kipande kinachobaki kitie mchuzini, usikihurumie. Usiuache ubao ndani ya beseni la povu, ambamo mwenzako ataingiza mkono asiuone; uoshe mara moja kwa brashi, uukaushe, uuweke juu wasikofika wadogo. Na mtu akijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya moyo, bana dakika 10 pasipo kuchungulia. Damu isipokoma, au kipande kikitoka, nenda hospitali upesi. Kile kipande kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, ukitie mfukoni mwa plastiki, ndipo mfuko uwekwe juu ya barafu. Barafu isikiguse chenyewe.

Ubao wetu wa kwanza tuliuvunja. Wa pili ulitugharimu zaidi ya mara tatu ya ule, na kinga yake imetundikwa msumarini karibu na meko. Sheria ya nyumba aliitunga yule binti mwenyewe: kinga isipokuwapo msumarini wala mkononi, siku hiyo twakata kwa kisu. Hata sisi baba wa nyumba hatujaruhusiwa kuivunja.