Watu wa Mto Mara hawajakosa elimu

Mvua kubwa zikipita na Mto Mara ukarudi ndani ya kingo zake, ukaacha tope na takataka mashambani, vikao vya wilaya za Tarime na Serengeti, Tanzania, huja na kauli moja: wananchi hawana elimu ya mazingira, waelimishwe. Semina zinaandaliwa, fulana zinagawiwa, na kila Septemba 15 Siku ya Mara inaadhimishwa kwa hotuba. Siku ya kuzoa taka mahudhurio yakiwa haba, jibu liko tayari: elimu haijawafikia. Imani hiyo inapendwa kwa kuwa haimdai chochote mtoa semina. Lawama yote humwangukia msikilizaji.

Yaliyotokea Machi 2022 yanaikanusha. Maji ya Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa, na kamati ya serikali chini ya Profesa Samuel Manyele ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi walicheka. Lakini kisayansi maelezo hayo hayakuwa kioja. Mwaka 2018 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti wa upande wa Kenya wa mto huohuo: kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 hurundikana madimbwini maji yakipungua, kisha mto ukifurika hukisomba, oksijeni ikashuka na samaki wakafa. Kwa nini basi jambo linalowezekana kabisa lilipokewa kwa kebehi? Ni kwa sababu watu wa Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, wanakumbuka Mei 2009, maji machafu ya mgodi huo yalipovuja hadi Mto Tigithe, unaoingia Mara. Mwenye kumbukumbu hiyo haaminishwi kwa kipaza sauti. Huenda angeamini kama mjumbe aliyechaguliwa na kijiji angeshuhudia sampuli zikichukuliwa, na majibu yakabandikwa kwenye ofisi ya kijiji, yawe ya kuupendeza mgodi au ya kuuaibisha.

Na wanaodhani watu hawa hawajui kujipanga hawawafahamu Wakurya, wenyeji wa Tarime. Wizi wa mifugo ulipozidi, katika miaka ya 1990 jamii iliunda sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, ikijengea juu ya iritongo, baraza lake la asili. Mfumo huo ulikuwa na ukatili wake, nami siutamani urudi mtoni na mijeledi yake. Ila unathibitisha kwamba watu hutoka kwa wingi pale uamuzi unapokuwa wao na faida wanaiona zizini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mfugaji anayepitisha ng'ombe hapo hahitaji kusomewa kifungu hicho tena, anahitaji birika la kunyweshea mbali na ukingo. Anayelima bustani hapo ameufuata unyevu, na bila maji ya kumwagilia kwingine atarudi kiangazi kijacho.

Wapo watakaosema elimu ina nafasi yake. Kweli, hasa kuhusu zebaki ya wachimbaji wadogo, ambayo jicho haliioni. Wengine watauliza faida ya kupanda miti ukingoni Tarime ilhali maji yanatoka Mau, Kenya. Miti hiyo haitazuia mafuriko ya Mau, na asiwadanganye mtu kwa hilo. Itashika udongo wa ukingo ule ambao mto huumega kila msimu, nao ni udongo wa shamba la mtu. Pingamizi linalonikera ni la tatu, kwamba watu wakilipwa kwa kazi ya kusafisha mto, kama ninavyopendekeza, moyo wa kujitolea utakufa. Mwezeshaji wa semina hajisemei hivyo mwenyewe. Ana posho ya siku, nauli na chakula cha mchana, wakati anayetoa tope mtoni ameacha kibarua au palizi nyumbani. Bajeti ijayo ya semina ilipe vibarua hao na kujenga mabirika Tarime na Serengeti, kisha mahudhurio yahesabiwe upya.