Hao Mnaogombana kwa Ajili Yao Wameshahama, Nyie Bado Mmenuniana!

Leo hakuna ubuyu wa nani kaachwa na nani. Leo nawasema nyie, na mimi nikiwemo. Majina sitaji, kama kawaida yetu hapa, mtajaza wenyewe kwenye komenti.

Juzi asubuhi nipo ufukweni hapa Matema, mitumbwi ndio inaingia na usipa. Jamaa wawili wamekunjana mashati. Hawa watu wamesoma darasa moja, wanavua kwa wavu mmoja, hela wanagawana nusu kwa nusu. Kisa? Mmoja kaweka picha amevaa kofia ya chama kwenye status ya WhatsApp, mwenzake akamwita chawa. Na yeye akamjibu kibaraka. Kidogo tu makasia yaanze kutembea. Tukawaamua, nikawauliza wote wawili: haya, kwenye kitongoji chenu nani anataka kugombea uenyekiti? Kimya. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Yaani watu wanataka kutoana macho kwa ajili ya watu wa Dodoma na Dar, halafu uchaguzi ulio mlangoni kwao hawaujui.

Wadau, chama sio Simba na Yanga. Simba ikifungwa unanuna wiki moja, unakula ugali wako, maisha yanaendelea. Na tena mpira una afadhali, mchezaji akihama unaambiwa kahama, unavua jezi yake. Kwenye siasa mtu anahama, anabeba na mashabiki wake, halafu yule uliyemtukana jana kwa niaba yake hakuna anayekusaidia kumwomba msamaha.

Ngoja niwape la nyumbani kwetu.

Februari 2008 mheshimiwa mmoja mkubwa sana alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge. Watu wa Kyela tunaijua vizuri hiyo, maana mwenyekiti wa kamati alikuwa mbunge wetu. Mheshimiwa mwenyewe siku zote alikana. Ila wapinzani walimwimba jukwaani miaka na miaka kwamba ni fisadi, na mjomba wangu alikuwa mmoja wa waitikiaji wazuri. Baba yangu alikuwa chama cha upande wa pili, akimtetea.

Ikafika Julai 2015. Mheshimiwa akahama chama, akaingia kwa wale wale waliokuwa wanamwita fisadi, wakampa kugombea urais. Siku moja tu! Mjomba akageuka, eti sasa huyu ndiye mkombozi. Baba naye akageuka, eti kumbe kweli fisadi. Mimi nipo kidato cha tatu, nawaangalia tu wazee wangu wamebadilishana maneno kama watu waliobadilishana mashati. Kwingine vijana walifikia kupiga deki barabara ya lami ili mgombea apite. Akapata kura zaidi ya milioni 6, hakushinda.

Ila kwenye zile kampeni baba na mjomba walitoleana maneno mazito, mbele za watu, mpaka mama akalia. Kuanzia hapo shemeji na shemeji hawasalimiani.

Machi 2019 mheshimiwa akarudi chama chake cha zamani. Kanyoosha mkono, kapokelewa, yameisha. Februari 2024 akafariki, Mungu ampumzishe, na salamu za rambirambi zikatoka pande zote mbili. Wakubwa wote wakamsema vizuri.

Baba na mjomba? Bado. Bibi alipofariki mjomba alikaa upande wa migombani mpaka jeneza linashushwa, baba yupo upande wa pili. Mtu kamzika mama yake bila mkono wa shemeji yake, kisa mgombea ambaye hakuwahi kukanyaga kwenye kibaraza chetu.

Na msifikiri ni wazee tu. Nyie mashabiki wa mastaa mnakumbuka yule mrembo wa Bongo Movie mwaka 2017? Februari kahamia upinzani, mitandao ikawaka, timu zikagawanyika, watu wakatukanana mpaka wazazi. Desemba mwaka huo huo karudi alikotoka. Miezi tisa na ushee! Kuna watu bando walilochoma kumtetea lingenunua debe la mchele.

Au wale waheshimiwa wa kuunga mkono juhudi? Mtu anajiuzulu ubunge wa chama kimoja, anaingia kingine, anagombea jimbo lile lile. Kinondoni na Siha walirudia uchaguzi Februari 2018 kwa staili hiyo. Wewe uliyempigia kura mara ya kwanza ukapigwa na ndugu yako, nani alikupigia simu kukuuliza?

Wala sio kwetu tu. Kuna mgeni kutoka Ireland alifikia hapa ufukweni, tukawa tunapiga stori. Kwao kuna vyama viwili vikubwa, Fianna Fáil na Fine Gael, mizizi yake ni vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1922 mpaka 1923. Anasema babu yake mpaka anakufa hakuwahi kupigia kura ule upande wa pili, ilikuwa kama dini. Sasa Juni 2020 vyama hivyo vikaungana na chama cha Kijani, vikaunda serikali moja, na uwaziri mkuu wakakubaliana kupokezana: wa kwanza akae mpaka Desemba 2022, halafu ampishe mwenzake. Karibu miaka 100 ya kununiana, wakubwa wakaimaliza mezani.

Na Zanzibar hapo? Januari 2001 watu walizikwa kwa sababu ya siasa. Mwaka 2010 vyama vile vile viwili vikakaa pamoja kwenye Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Sisemi kupatana ni vibaya, kupatana ni baraka. Ninachouliza ni hiki: mbona wao juu wanapatana, sisi huku chini tunabaki na vidonda?

Najua mtakachoandika. "Admin huna msimamo." "Admin umehongwa." Wadau, chama ninachokipenda ninacho, na sijasema watu wasiwe na vyama. Na uchaguzi wa 2024 bila kudhaminiwa na chama hukuweza kugombea hata kitongoji, hilo nalijua. Ila kadi ya chama isikunyime kuuliza maswali.

Maswali yapo, tena ya hela. Mwaka 2024 kakao ilipanda soko la dunia mpaka kupita dola 10,000 kwa tani, kwa sababu mavuno ya Ghana na Ivory Coast yaliharibika. Bei hiyo haikuuliza mtu ana kadi ya rangi gani. Na mwizi wa kakao naye hakuulizi. Sisi nyumbani tunalala shambani kwa zamu. Sasa mwulize anayetaka uenyekiti wa kijiji: ulinzi wa usiku utaupangaje? Makato yetu kwenye chama cha ushirika utayafuatilia?

Mwulize mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni kila baada ya miezi mitatu, mara ya mwisho ulifanyika lini na mapato na matumizi yalisomwa? Mwulize ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo vijana tuna 4 yetu ndani, kikundi chenu atakisaidia kufikaje? Akikujibu vizuri mpe kura, hata kama kofia yake sio ya rangi yako. Akikujibu matusi, mwache, hata kama ni wa chama chenu toka kwa babu.

Sasa tarehe zilikuwa hivi. Mwaka 2024 kujiandikisha kwenye daftari la wakazi kulikuwa Oktoba 11 mpaka 20. Kile kitambulisho cha mpiga kura ulichonacho sio hiki, hili ni daftari lingine, usipojiandikisha hupigi. Kura ilikuwa Novemba 27. Umri ni miaka 18 na kuendelea. Wale jamaa wawili wa mtumbwi niliwaambia nitawapeleka mwenyewe, tena kwenye boda moja.

Na mimi nina kazi yangu. Jumapili naenda kwa mjomba na kilo mbili za mbasa. Nitamwambia zimetoka kwa baba. Baba hajui. Mkiniona nimenuniwa na wote wawili mtajua mpango umefeli.

Haya, shukeni kwenye komenti. Atakayetukana mzazi wa mwenzake nafuta. Wewe kwenu nani hasalimiani na nani kwa sababu ya siasa?