Damu Haikai Ghalani Kama Maharage

Mkulima wa Makere akivuna maharage mengi huyaanika, huyatia dawa na kuyahifadhi hadi mwakani. Damu haina subira hiyo. Chupa moja, kama tunavyouita mfuko wa mililita 450, hata ikitunzwa kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 6 hudumu siku 35, pengine 42 kutegemea dawa ya kuihifadhi iliyotiwa mfukoni, kisha huteketezwa. Kwa hiyo hospitali haiwezi kujaza akiba wakati wa neema ili iitumie siku ya mlipuko wa ugonjwa. Akiba pekee inayodumu ni watu. Ndiyo maana nasema wilaya zetu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, zianze na orodha ya wachangiaji wa kudumu, watu wazima, kabla ya kufikiria jokofu jingine.

Tazama kalenda yetu. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa huo kwa takribani asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Malaria kali huvunja chembe nyekundu, na mtoto wa kilo 10 aliyeishiwa damu anaweza kuhitaji mililita 200 siku hiyohiyo. Mahitaji hupanda na mvua. Wachangiaji je? Kwa miaka mingi Mpango wa Taifa wa Damu Salama umetegemea sana wanafunzi wa sekondari. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya corona, chanzo hicho kilikatika katikati ya msimu wa mvua. Lakini hukatika pia kila Desemba, mvua zikinyesha na wanafunzi wako likizo. Corona iliirefusha tu Desemba yetu.

Mlipuko mwingine hauko mbali. Mei 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi wa Burundi huko Kagunga, mkoani kwetu. Januari 2025 virusi vya Marburg vilithibitishwa Biharamulo, wilaya inayopakana na Kakonko ya mkoa wetu. Aliyekutana na mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa siku 21 na hawezi kuchangia, na wengine huiogopa hospitali. Hapo ndipo mama ambaye viganja vya mwanawe vimekuwa vyeupe kwa kuishiwa damu huambiwa alete ndugu wa kuchangia. Mjomba anafika kwa bodaboda, mzani unasoma kilo 47 badala ya 50. Shangazi anapimwa, anakutwa na homa ya ini. Saa zinakwenda.

Wapo watakaosema fedha ziende kwenye vyandarua. Ziende, lakini chandarua hakimrudishii damu mtoto aliyekwisha kuugua, wala hakimwokoi mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua. Wengine watasema wakati wa mlipuko hakuna atakayekuja. Hatakuja mgeni wa jambo. Aliyezoea, akipigiwa simu, akapewa saa yake na kukuta sindano mpya karibu na kanisa au msikiti wake, ana sababu ya kuja. Zito zaidi ni dai la mitaani kwamba damu hutolewa bure kisha huuzwa. Shaka hiyo haiondoki kwa hotuba. Iondolewe kwa karatasi: kila mwezi ofisi ya kata ibandike chupa ngapi zimekusanywa, ngapi zimetumika na ngapi zimeharibika.

Mzigo wenyewe si mkubwa. Mwanamume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Wanaume 150 na wanawake 150 wakishika zamu zao, hizo ni chupa 1,050 kwa mwaka, takribani 20 kila wiki, shule zikiwa wazi au zimefungwa. Watu 300 ni wachache kuliko wanaojaa gulio moja. Kinachokosekana ni daftari la kuwaandika, na mtu wa kuwapigia simu zamu yao ikifika.