Waasisi Nao Walichakachua

Kila uchaguzi ukiingia mushkeli huku kwetu, redioni hakosekani mchambuzi wa kutukumbusha Marekani. Wenzetu, atasema, walianza vizuri: George Washington na kizazi chake walikuwa watu wa heshima, wananchi wakapiga kura, kura zikahesabiwa, aliyeshinda akatangazwa na aliyeshindwa akampa mkono. Sisi tumechelewa shule. Imani hii ina wafuasi kuanzia vyuo vikuu hadi vijiwe vya kahawa, na ni uongo mtupu. Chaguzi za kwanza za Bunge la Marekani zilikuwa na hila, pombe, fomu za kughushi na vituo vilivyogoma kufungwa. Na matokeo yake kamili hakuna aliyekuwa nayo mkononi, hata Washington mwenyewe.

Tuanze na siku ya kupiga kura. Haikuwapo. Katiba mpya iliyaachia majimbo yapange yenyewe muda, mahali na namna ya kuchagua wabunge, na kila jimbo likafanya lake. Pennsylvania na South Carolina zilipiga kura Novemba 1788. Virginia ikangoja Februari 1789. Massachusetts ilitaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, hivyo huko magharibi mwa jimbo watu waliitwa vituoni mara kadhaa mpaka Theodore Sedgwick alipofikisha. Bunge lilipaswa kuanza New York tarehe 4 Machi 1789, lakini waliofika hawakutosha kufungua kikao. Baraza la Wawakilishi lilipata akidi Aprili 1. North Carolina na Rhode Island hata Katiba yenyewe zilikuwa hazijaikubali. Wabunge watano wa North Carolina walipatikana mwaka 1790, na yule mmoja wa Rhode Island mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo. Wabunge 65 wa Bunge la kwanza walitimia muhula wao ukiwa umebakiza miezi sita tu.

Ukifungua vitabu vya rejea, hata hivyo, utakuta jedwali safi kabisa: wanaounga mkono serikali 37, wanaoipinga 28. Msomaji anaondoka akidhani hayo ndiyo matokeo. Mwaka 1789 vyama vya kitaifa havikuwapo, na hakuna mkulima wa Connecticut aliyekwenda kituoni kumchagua mgombea wa kundi lenye jina hilo. Majina hayo yalibandikwa na wanahistoria wa baadaye, baada ya kuchunguza kila mbunge alivyopiga kura ndani ya ukumbi. Ni kazi ya kitaalamu na ina manufaa yake. Kuiita matokeo ya uchaguzi ni jambo jingine.

Chukua wilaya ya tano ya Virginia, ambayo wapenzi wa waasisi huisimulia kama hadithi ya mabwana wawili waungwana. James Madison, aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi katika kuandika Katiba, alikuwa na adui mmoja mzito: Patrick Henry, ambaye bunge la Virginia lilikuwa mfukoni mwake. Kwanza Henry alihakikisha Madison hapati useneta. Kisha mipaka ya wilaya ikachorwa, na marafiki wa Madison wakalalamika kwamba kaunti yake ya Orange imefungwa kwa makusudi pamoja na kaunti zilizoipinga Katiba. Juu ya hapo sheria ikataka mgombea awe mkazi wa wilaya anayogombea, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Halafu akasimamishiwa James Monroe, rafiki yake, askari wa vita vya uhuru. Marais wawili wa baadaye wakawa wanazunguka pamoja kwenye theluji wakijadiliana mbele ya wapiga kura. Uzeeni Madison alipenda kuonyesha kovu la baridi lililompata puani usiku mmoja wa kampeni hiyo.

Na kura yenyewe ilipigwaje? Kwa mdomo. Mtu alifika kwenye mahakama ya kaunti, akasimama mbele ya sherifu, akaulizwa anamtaka nani, akajibu kwa sauti, karani akaandika. Wagombea au watu wao walikuwa wameketi palepale, na desturi ilikuwa mgombea amshukuru kila aliyemtaja. Wakenya waliopangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa maana yake. Jirani unayemdai alikuwa anakusikia, na anayekudai alikuwa anakusikia vizuri zaidi. Ukiongeza kwamba mwenye haki ya kupiga kura alikuwa mwanamume Mzungu mwenye ardhi, utaona ule mduara ulivyokuwa mdogo.

Madison alipata kura 1,308, Monroe 972. Kura 336 ndizo zilizowatenganisha. Ili kuzipata, Madison alilazimika kuahidi kwamba atapigania marekebisho ya Katiba ya kulinda haki za raia, kitu ambacho awali hakukiona cha lazima, na Juni 8, 1789 akayawasilisha bungeni. Zile haki kumi ambazo dunia nzima huzinukuu zilisukumwa kwa sehemu kubwa na wilaya ambayo, kama marafiki zake walisema kweli, ilichorwa ili aanguke. Mimi naona hilo linafurahisha kuliko ngano ya mabwana waungwana.

Takrima nayo ilikuwa mila. Madison huyohuyo mwaka 1777 aliwania kiti cha bunge la Virginia akakataa kuwanywesha wapiga kura kwa kuwa aliona ni ufisadi. Aliangushwa na mwenye kilabu cha pombe.

New Jersey ilikuwa kioja zaidi. Jimbo zima lilikuwa wilaya moja yenye viti vinne. Sheria ilisema vituo vifunguliwe lini, ikasahau kusema vifungwe lini. Kaunti za magharibi zikafunga mapema. Nyingine zikaacha milango wazi zikisubiri kusikia wenzao wamepata ngapi. Machi gavana na baraza lake wakatangaza washindi huku fomu za Essex zikiwa hazijafika, maana Essex ilikuwa bado inapiga kura, na iliendelea hadi Aprili. Malalamiko yakapelekwa kwenye Baraza la Wawakilishi, ambalo Septemba liliwapitisha walewale wanne.

Georgia, mwaka 1791, haikujisumbua hata kuficha. Jenerali Anthony Wayne, shujaa wa vita, alimshinda James Jackson. Jackson akaleta ushahidi wa kura zilizozidi wapiga kura, na wa matokeo ya kaunti ya Camden yaliyobadilishwa. Aliyeyabadilisha alikuwa jaji, Henry Osborne, na bunge la Georgia likamshtaki na kumvua ujaji. Machi 1792 Baraza la Wawakilishi likatamka kwamba Wayne hakuchaguliwa. Je, Jackson akapewa kiti? Kura za wabunge zililingana, Spika akaamua dhidi yake, kiti kikatangazwa kuwa wazi. Wayne naye hakulala njaa. Mwaka huohuo Washington alimkabidhi jeshi zima la nchi.

Watetezi hapo wana jibu: angalau walimaliza kwa sheria, hawakumwaga damu. Sawa, katika kesi hizi. Ila sheria yenyewe iliwafanya wabunge kuwa mahakimu wa chaguzi zao wenyewe, na hakimu huyo alikuwa na upande. Mwaka 1798 serikali ilimfunga mbunge Matthew Lyon wa Vermont kwa sababu ya maandishi dhidi ya Rais John Adams. Wapiga kura wake wakamchagua tena Desemba akiwa gerezani. Hiyo ni nchi iliyokuwa na Katiba miaka kumi tu.

Nyakati nyingine hata hila haikuhitajika, uzembe ulitosha. Mwaka 1815 Erastus Root wa New York alikosa kiti kwa sababu karani wa kaunti alizipeleka kura zake kwa jina la “Erastus Rott”. Herufi moja. Aliyetangazwa, John Adams mwingine asiye rais, alikalia kiti hadi Desemba, Bunge lilipokubali kwamba Rott na Root ni mtu mmoja. Msimu huohuo Westel Willoughby, wa New York pia, alikuwa na kesi yake kwa kuwa kura zake nyingi zilikosa neno “Mdogo” mwishoni mwa jina.

Karatasi nyingi za matokeo ya chaguzi hizo za mwanzo zilipotea. Ofisi ya Karani wa Baraza la Wawakilishi ilianza kuchapisha takwimu za chaguzi mwaka 1920. Tunachokijua leo kuhusu kura za miaka ya 1787 hadi 1825 tunakijua hasa kwa sababu mtafiti mmoja, Philip Lampi, alitumia miongo mingi kunakili kwa mkono matokeo yaliyochapwa kwenye magazeti ya zamani, mengi yakiwa katika maktaba ya American Antiquarian Society, Worcester. Daftari zake zimewasuta hata wakosoaji wenzangu, wale wanaosema enzi hizo walipiga kura mabwana wachache tu. Kumbe mwanzoni mwa karne ya 19, majimbo yalipokuwa na ushindani mkali, wenye haki ya kupiga kura walijitokeza kwa wingi mno.

Ila tatizo kubwa kuliko yote halimo kwenye daftari za Lampi. Tuseme shetani hakupita kituo chochote, kila karani akajua kuandika Root. Bado hesabu ilikuwa imepinda kabla kura ya kwanza haijapigwa, kwa sababu viti viligawanywa kwa idadi ya watu huru pamoja na tatu ya tano ya watumwa. Sensa ya 1790 ilikuta Virginia watumwa 292,627. Ukichukua tatu ya tano unapata watu zaidi ya 175,000, na kwa kipimo cha mbunge mmoja kwa kila watu 33,000 hao ni viti vitano vya ziada kati ya 19 ambavyo Virginia ilipewa. Massachusetts, ambako sensa hiyo haikuandika mtumwa hata mmoja, ilipata 14. Madison alikuwa na watumwa shambani kwake Montpelier; nao walihesabiwa katika kuipa Virginia nguvu, na hakuna hata mmoja aliyeitwa mbele ya sherifu kutaja jina la mgombea. Viti viliendelea kugawanywa kwa kanuni hiyo ya tatu ya tano hadi sensa ya 1860, nayo ikafutwa kwenye Katiba mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.