Grupu O halijampofusha mtu

Kimya kilikuwa kirefu. Nilikuwa nyumbani Kitahana, kule Kibondo, na nimerudi na hasira. Leo mtanivumilia.

Shangazi yangu ana miaka hamsini na kitu. Kwa muda mrefu amekuwa akijigonga kwenye miimo ya milango na kukanyaga vyombo vilivyo pembeni yake. Siku moja gulioni akakutana na muuza dawa mwenye spika na meza. Akatobolewa kidole, akaambiwa: "Mama, wewe ni grupu O. Damu hii inakausha macho." Akauziwa unga wa majani. Akaunywa miezi sita.

Nilipompeleka kwa daktari wa macho, jibu likawa presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na kilichopotea hakirudi. Matone anayopewa sasa ni ya kulinda kilichobaki. Ile miezi sita nani atamlipa?

Hebu tuelewane. Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner kule Vienna, akayatangaza mwaka 1901. Ni alama zilizo juu ya chembe nyekundu za damu. Zinamwambia daktari ni damu ipi uongezewe bila kukuua. Tena yana mengine: wenye O wana nafuu kiasi dhidi ya malaria kali, na wasio O damu yao huelekea zaidi kuganda kwenye mishipa. Sisemi grupu halina maana. Nasema halikuambii kwa nini huoni.

Jeni ya makundi ya A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9. Kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani kunarithiwa kupitia kromosomu X. Kutoona mbali mara nyingi ni jicho kuwa refu kupita kiasi. Hapo zimo jeni nyingi, kusoma kwa karibu mno na utoto wa kukaa ndani. Mtoto wa jicho ni lenzi kuingia ukungu, na upasuaji unamwondoa. Watafiti wamejaribu kuoanisha makundi ya damu na presha ya macho, matokeo yao yakapingana. Hata kesho wakikubaliana kuna tofauti ndogo, bado daktari atalipima jicho lenyewe, siyo kidole.

Je, damu na macho havijuani kabisa? Vinajuana sana! Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi inaharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho. Selimundu nayo inaweza kuiziba mishipa hiyo hiyo, ikavuja damu ndani ya jicho. Na selimundu siyo grupu. Nimekutana na watu wenye digrii zao wanaochanganya AS na AB! AS inahusu himoglobini uliyorithi, AB ni kundi la damu. Unaweza kuwa vyote viwili.

Sasa naja kwetu sisi tunaojiita wasomi. Yule muuza dawa hakuota. Nani anasambaza kwenye simu zile jumbe za "jua tabia yako kwa grupu lako"? Ni sisi, kwa utani. Hadithi hiyo ilipata umaarufu Japani, tangu maandishi ya Takeji Furukawa mwaka 1927 na kitabu cha Masahiko Nomi mwaka 1971, na sayansi haijaithibitisha. Huku Dar tunacheka na kupeleka mbele. Ikifika gulioni inakuwa unga wa majani, na anayelipa ni shangazi.

Presha ya macho haiumi mara nyingi. Inakula pembeni kwanza, unadhani umezeeka tu. Ukifika miaka 40 kapime, na usingoje hiyo 40 kama mzazi au ndugu yako anayo. Baba yangu ni mdogo wake shangazi. Tayari nimemburuta kwenda kupima. Wiki ijayo ni zamu yangu.

Siku naondoka shangazi aliniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, damu yangu haina kosa?" Nikamwambia haina. Alinyamaza kidogo, akaniomba nimsomee tena maandishi kwenye kichupa cha matone.

Ukitumiwa tena ujumbe wa grupu na macho, uufute hapo hapo.

Nawasilisha.